Barua Kutoka Kabuta: Watoto Wawili na Kilele cha Rungwe

Miongoni mwa barua za juma hili imo moja iliyotoka mbali kuliko zote, nayo tumeipa nafasi yote ya safu hii. Mwandishi wake ni mama aliyezaliwa Tukuyu, mkoani Mbeya, ambaye sasa ni mke na mzazi huko Kabuta, wilaya ya Nchelenge nchini Zambia, kwenye mwambao wa Ziwa Mweru. Mumewe hufanya biashara ya samaki. Wana binti wa miaka 16 na mvulana wa miaka 14. Kaka wa mama huyo, aliyeko Tukuyu, amewaalika watoto wakati wa likizo ya Agosti, naye ameahidi kuwapandisha Mlima Rungwe, kwenda na kurudi kwa siku moja. Baba amekubali mvulana apande. Binti, amesema, atabaki nyumbani na mkaza mjomba wake kusaidia kazi za jikoni. Tangu hukumu hiyo itolewe binti hali vizuri wala hasemi na mtu. Mama anauliza mambo mawili: je, mlima huo unawafaa watoto waliokulia ziwani? Na je, amwambie nini baba watoto?

Dada yetu, tutaanza na mlima, kwa kuwa la pili haliwezi kuamuliwa pasipo kulijua la kwanza.

Rungwe ni volkeno iliyolala, yenye kimo cha mita 2,960 hivi kutoka usawa wa bahari. Ukiupima kwa Kilimanjaro utauona mdogo, kwa maana Kilimanjaro una mita 5,895 na huchukua siku tano au zaidi. Lakini udogo huo ndio unaowadanganya watu. Mlima wa siku tano humlazimisha mtu kujiandaa, na kila jioni humpa nafasi ya kupumzika na kujipima. Mlima wa siku moja huonekana dirishani wakati wa chai, mtu akasema, "Twende tu," akaondoka saa tatu ya asubuhi na chupa moja ya maji, na magharibi ikamkuta msituni. Rungwe una matope, mizizi, miteremko inayoteleza na ukungu unaoshuka bila kubisha hodi. Haumtaki mtu awe na kamba wala ujuzi wa kukwea miamba. Unamtaka awe na mapafu, magoti na saa.

Kwanza, fikirini watoto wanatoka wapi. Ziwa Mweru liko kwenye kimo cha zaidi kidogo ya mita 900. Mji wa Tukuyu uko kiasi cha mita 1,500. Kwa hiyo kufika tu kwa mjomba ni kupanda mita 600, nao wasichukuliwe mlimani siku ya pili yake. Walale Tukuyu siku nne au tano, watembee kwenda sokoni na kurudi, wachote maji, wazizoee baridi na hewa. Kisha, siku mbili au tatu kabla ya safari kubwa, mjomba awapeleke Ngozi. Hilo ni ziwa lililomo ndani ya shimo la volkeno katika safu za Uporoto, si mbali na barabara kuu ya Mbeya na Tukuyu, na njia yake hupita msituni hadi kwenye ukingo ulioko juu ya mita 2,500. Ni mwendo mfupi wenye mwinuko mkali mwishoni. Atakayerudi kutoka Ngozi akicheka ataiweza Rungwe. Atakayerudi akiwa na malengelenge, au akihema kuliko wenzake, amekwisha kumpa mjomba jibu, na hakuna haja ya kulisikia tena kwenye mwinuko wa Rungwe.

Pili, hesabu ya saa. Hapa tunamwomba mama achukue kalamu, kwa sababu hesabu hii ndiyo roho ya safari nzima. Mwaka 1892 Mskochi mmoja aitwaye William Naismith aliweka kanuni ambayo wapanda milima huitumia hadi leo: kwa kila kilomita tano za mwendo hesabu saa moja, na kwa kila mita 600 za kupanda ongeza saa moja nyingine. Tuseme wanaanzia kijiji kilichoko kimo cha mita 1,800, na njia ina kilomita 8 hadi kileleni. Mwendo utakula saa moja na dakika 36, na mwinuko wa mita 1,160 utakula karibu saa mbili. Jumla ni saa tatu na nusu. Lakini Naismith alihesabu kwa mtu mzima mwenye nguvu, kwenye njia nzuri. Kwa watoto, kwenye matope na mizizi, zidisha kwa moja na nusu, upate zaidi ya saa tano. Ongeza mapumziko. Basi wakiondoka saa 12 alfajiri, watafika juu karibu saa 6 mchana. Jua la Agosti huzama kiasi cha saa 12 na nusu jioni, na msituni giza huingia kabla ya hapo. Kushuka kwenye matope si kwa haraka kama wengi wanavyodhani, na pengine huchukua muda karibu sawa na wa kupanda.

Kutokana na hesabu hiyo tunapata sheria moja ambayo mama aiandike kwenye karatasi na kumpa mjomba mkononi: ikifika saa 7 mchana, popote walipo, wageuke. Hata kama kilele kinaonekana. Hata kama zimebaki hatua mia mbili na mvulana analia kwamba wenzake shuleni watamcheka. Saa hiyo ipangwe nyumbani, jioni ya kuamkia safari, watu wakiwa wameshiba na akili zao zimetulia, maana mtu aliyekwisha kupanda saa sita hana tena uamuzi mzuri. Amekwisha kuulipia mlima kwa jasho, na anaona kugeuka ni kupoteza fedha yake.

Jambo hili shemeji yetu wa Kabuta analielewa kuliko sisi. Ziwa Mweru lina urefu wa kilomita zaidi ya 100, lakini kina chake cha wastani hakizidi sana mita 7. Maji mapana yasiyo na kina huchafuka upesi upepo unapovuma, na mawimbi yake huwa mafupi na yenye hasira. Mvuvi mwenye busara huliangalia anga kabla ya kuliangalia jarife, na akiona dalili hugeuza mtumbwi hata kama samaki ndio kwanza wameanza kuingia. Haoni aibu, wala kijijini hakuna anayemwita mwoga. Mtu aliyelelewa na baba wa namna hiyo amekwisha kufundishwa nusu ya elimu ya mlima. Kilichobaki ni kumwambia kwamba ukungu wa Rungwe ni ule upepo wa Mweru uliovaa nguo nyingine.

Ndiyo maana tunamgeukia shemeji mwenyewe sasa, tukiomba radhi kwa kuingilia nyumba yake.

Shemeji, ikiwa mlima una hatari inayotosha kumzuia msichana wa miaka 16, basi una hatari zaidi kwa mvulana wa miaka 14, ambaye ni mdogo kwa miaka miwili na, kwa umri huo, mwepesi wa kukimbia mbele na kutaka kuonekana. Na ikiwa mvulana anaweza kwenda salama chini ya ulinzi wa mjomba wake, ulinzi huo hauishi anapotokea dada yake. Magoti hayaulizi jinsia. Mwaka 1927 mwanamke Mwingereza, Sheila MacDonald, alifika kilele cha Kilimanjaro, akiwa wa kwanza miongoni mwa wanawake wanaojulikana kufanya hivyo. Tarehe 16 Mei 1975 Junko Tabei wa Japani, aliyekuwa mama mwenye mtoto mdogo nyumbani, alisimama juu ya Everest, mlima mrefu kuliko yote duniani. Lakini huna haja ya kwenda Japani kutafuta ushahidi. Utazame mwambao wako. Ni nani anayebeba karai la samaki kichwani toka majini hadi kwenye vichanja vya kukaushia? Ni nani anayetwanga muhogo? Wanawake wa vijiji vya Rungwe nao hupanda na kushuka miteremko ile kila siku na mikungu ya ndizi na mizigo ya kuni, wala hakuna anayeandika habari zao gazetini.

Hata hivyo tunadhani hofu yako haihusu magoti. Baba wengi wanaposema "mlima ni hatari kwa msichana" humaanisha jambo jingine ambalo hawapendi kulitaja: ni nani watakaokuwa naye huko, na itakuwaje usiku ukiwakuta? Hofu hiyo ni ya haki, nasi hatutaidhihaki. Ila jibu lake lipo, nalo ni jepesi kuliko kumfungia jikoni. Mwulize shemeji yako wa Tukuyu atakayekwenda ni nani kwa jina. Taka awepo mwanamke mtu mzima katika msafara, na kama mkaza mjomba ana afya na hamu, yeye ndiye afaaye kuliko wote. Kazi za jikoni zitamsubiri siku moja. Taka watoto wasitengane hata mara moja, wala mmoja asiachwe nyuma "atatukuta mbele." Na ile sheria ya saa 7 ndiyo inayohakikisha kwamba usiku hautawakuta. Masharti hayo yakitimia, wapeleke wote wawili. Yasipotimia, wabaki wote wawili, na mvulana naye ajue sababu.

Kwako, dada: usilizungumze jambo hili mbele ya watoto, wala usilitumie gazeti hili kama fimbo. Mpe baba asome sehemu ya hesabu kwanza. Mwanamume wa biashara huheshimu hesabu.

Baada ya hayo, tuje kwenye vitu vya kufunga mzigoni.

Viatu ndivyo vya kwanza. Viwe vya kufunga kwa kamba, vyenye soli yenye meno, na viwe vimekwisha kuvaliwa mwezi mzima. Kosa la wazazi wenye upendo ni kununua viatu vipya kwa ajili ya safari. Kiatu kipya na mlima hukutana kwenye kisigino cha mtoto. Wenyeji wengi hupanda kwa mabuti ya mvua, nayo ni mazuri kwa matope iwapo yanamkaa mtu vizuri na amevaa soksi nene. Kandambili hazina mahali hapa. Kucha za vidole vya miguu zikatwe siku mbili kabla, maana wakati wa kushuka kidole hugonga mbele ya kiatu kwa saa nyingi.

Agosti ni mwezi wa baridi katika nyanda za Rungwe. Mtoto wa Kabuta huenda hana sweta zito, basi aazimwe. Avae nguo nyepesi ndani, achukue sweta na koti la mvua mkobani, na asiyavae mpaka aanze kuhisi baridi, kwa sababu sweta lililolowa jasho wakati wa kupanda litamtetemesha kileleni. Shati moja kavu lihifadhiwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, la kubadilisha juu. Binti akipenda kuvaa sketi, na avae suruali ndani yake. Sketi ndefu peke yake hunasa kwenye matawi na kumwangusha mtu. Achukue pia pedi za siku hizo hata kama hazitarajii, kwa kuwa safari na uchovu huweza kuvuruga hesabu ya mwezi, na msituni hakuna duka.

Chakula kiwe kile kilichozoeleka tumboni. Viazi vitamu vya kuchemsha, ndizi mbivu, mayai yaliyochemshwa yakaiva, chapati, karanga zilizokaangwa. Wale kidogo kidogo kila baada ya saa moja na nusu, wasingoje karamu ya kileleni. Mama anasema atawapa watoto dagaa wa Mweru, wale waitwao huko chisense, wawe chakula cha njiani. Dagaa hao wampelekee mjomba, naye atashukuru kwa sababu atawakumbuka mwaka mzima. Mlimani wasipelekwe: mtu akitafuna dagaa wakavu bila mchuzi atamaliza maji ya watu watatu.

Maji ni lita tatu kwa mtu mzima na si chini ya lita mbili kwa kila mtoto, yaliyochemshwa nyumbani. Mto unaoonekana safi msituni haujathibitishwa na mtu yeyote. Pamoja na maji hayo iwepo chupa moja ya mchanganyiko ambao kila mama anaujua kwa ajili ya mtoto anayeharisha: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari visivyojaa kupita kiasi, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Humfaa vilevile mtu aliyetoka jasho jingi.

Vitu vidogo visisahauliwe: tochi moja kwa kila mtu, hata kama wanakusudia kurudi mchana, filimbi shingoni mwa kila mtoto, kitambaa kirefu cha kufungia kifundo kilichoteguka, fimbo ya kutembelea kwa ajili ya kushuka. Mtoto akipotea asitembee. Akae alipo, apige filimbi mara sita katika dakika moja, anyamaze dakika moja, kisha arudie. Ishara hiyo ya sita inafahamika na wapanda milima wa nchi nyingi. Simu ya mkononi na ichukuliwe ikiwa imejaa chaji, lakini isihesabiwe kama mlinzi. Msitu mnene na makorongo havina heshima kwa mitambo.

Na kabla ya yote hayo, mjomba apate kibali na mwongozaji. Rungwe ni hifadhi ya mazingira asilia tangu mwaka 2009, yenye ukubwa wa zaidi ya hekta 13,000, nayo iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Mtu asijipenyeze kwa njia za wakata kuni ili kuokoa ada. Mwongozaji anayejua njia huilipa ada hiyo mara kumi pale ukungu unaposhuka.

Je, watoto watakwenda kuona nini kwa taabu hiyo yote? Mama hakuuliza, lakini baba huenda akauliza, maana safari ya kutoka Nchelenge hadi Kasama, Nakonde na Tunduma hailipiwi kwa majani.

Kwanza wataona msitu. Miti mikubwa iliyovikwa ukoga, kisha mahali pengine mianzi, na juu zaidi nyasi na vichaka vifupi ambako mtu huanza kuona mbali. Humo anaishi kipunji, nyani wa kahawia mwenye nywele ndefu na kishungi kichwani, ambaye ulimwengu wa sayansi haukumjua kabisa hadi mwaka 2003. Wawindaji wa vijiji vya Rungwe walikuwa wakimtaja kwa jina lake siku zote, na baadhi ya wageni walidhani ni kiumbe wa hadithi. Watafiti walipoamua kuyasikiliza maneno ya wazee na kumfuatilia, walimkuta. Wengine wakamkuta peke yao huko Udzungwa mwaka uliofuata. Mwaka 2005 alitangazwa rasmi kuwa nyani mpya, na mwaka 2006, baada ya uchunguzi zaidi, akapewa jenasi yake mwenyewe, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa nyani wa Afrika tangu mwaka 1923. Watoto wasitegemee kumwona. Huenda wakasikia mlio wake, na hilo litoshe. Twasema hivyo kwa sababu tumechoka kusikia kwamba wazee wetu hawajui kitu.

Kisha, Mungu akijalia anga safi, wataliona bonde. Upande wa kusini nchi inashuka hatua kwa hatua: mashamba ya chai ya Tukuyu, migomba, halafu tambarare ya Kyela yenye mpunga na kakao, na mwisho wake Ziwa Nyasa, ambalo uso wake uko kwenye kimo cha mita 475 hivi tu. Yaani kutoka miguuni mwao hadi kwenye maji yale ni mteremko wa karibu mita 2,500. Mashariki zinasimama safu za Livingstone na uwanda wa Kitulo, ambao tangu mwaka 2005 ni hifadhi ya taifa kwa ajili ya maua yake. Magharibi iko milima ya Mbeya. Eneo hilo ndilo makutano ya mikono mitatu ya Bonde la Ufa: mmoja waenda Rukwa, mmoja Usangu, na mmoja ndio unaolibeba Ziwa Nyasa. Nchi ilipasuka hapo, na kwenye mpasuko moto ukapata njia, ukaujenga Rungwe.

Hapa mjomba awaulize watoto swali. Nyumbani kwao Kabuta, jua linapotua ng'ambo ya ziwa upande wa Kongo, wameona nini? Ardhi ya ng'ambo huinuka kwa ukali kuelekea milima ya Kundelungu, hali upande wao wa Nchelenge umetandaa. Huo nao ni ukingo wa ufa. Mweru limelala katika tawi jingine la mpasuko huohuo, ila lao ni bonde lililojaa mchanga na tope la mto Luapula hata likawa sahani, wakati Nyasa limebaki chungu chenye kina cha mita 700 hivi, na sakafu yake iko chini ya usawa wa bahari. Maji ya Mweru hutoka kwa mto Luvua kwenda Kongo na bahari ya Atlantiki. Maji ya Nyasa hutoka kwa mto Shire kwenda Zambezi na Bahari ya Hindi. Mtoto aliyezaliwa kwenye ukingo mmoja na kusimama juu ya ukingo mwingine atalisoma somo la jiografia kwa macho yake, na mwalimu wake wa Nchelenge atapata msaidizi.

Ikiwa ukungu umefunika yote, wasingoje. Wapige picha ya ukungu, wale ndizi zao, washuke. Wasiwashe moto kwa ajili ya kuota wala chai. Nyasi za juu hukauka majira hayo, na moto mmoja unaweza kuteketeza kile kilichochukua miaka mingi kuota. Maganda ya mayai na mifuko virudi chini mkobani.

Kuhusu afya tuna maneno manne, nayo mama ayasome mara mbili. Mtoto mwenye ugonjwa wa seli mundu asipande bila daktari kukubali. Mwenye pumu aende na dawa yake mfukoni mwake mwenyewe, isiwe mkobani mwa mtu aliyetangulia. Juu ya mita 2,500 baadhi ya watu huumwa kichwa na kichefuchefu kwa sababu ya wembamba wa hewa. Kikiwa kidogo apumzike na kunywa maji, lakini akitapika, akipepesuka au akisema maneno yasiyoeleweka, ashushwe mara moja bila kujali saa, akiongozana na mtu mzima.

Na neno la nne ndilo kubwa. Nchelenge ni miongoni mwa sehemu za Zambia zenye malaria nyingi mno. Mtoto aliyeumwa na mbu Kabuta anaweza kusafiri akiwa mzima, na homa ikaanza juma moja au mawili baadaye, akiwa Tukuyu. Watu wa huko juu wakimwona anatetemeka na kuumwa kichwa siku moja baada ya mlima, watasema ni baridi, ni uchovu, ni mgeni hajazoea. Watampa chai na blanketi. Hapana. Mtoto yeyote kutoka mwambao wa Mweru atakayepata homa akiwa ugenini apelekwe zahanati siku hiyohiyo akapimwe damu, na mkaza mjomba amwambie mganga waziwazi mtoto ametoka wapi. Mama aliandike hilo chini ya ile sheria ya saa 7, kwenye karatasi ileile.

Wakirudi jioni wavue viatu nje, waoge maji ya moto, wabadili nguo, wale chakula chenye mchuzi, walale. Malengelenge yasitumbuliwe, yasafishwe kwa sabuni na kufunikwa kitambaa safi. Siku ya pili mapaja yatauma hata ngazi ziwe shida, na dawa yake ni kutembea taratibu, si kulala kutwa.

Barua ya msomaji wa Sumbawanga kuhusu wadudu wanaoharibu maharagwe ghalani itajibiwa juma lijalo.